Fundi wa Tanuri Anajibu: Stenlesi ya 17-4 PH

Safari hii nimekusanya barua zinazohusu chuma kimoja. Stenlesi zinazogumishwa kwa mashapo, yaani kwa vifundo vidogo vinavyojitenga ndani ya chuma kinapopashwa joto, zimeingia kwenye karakana nyingi, na 17-4 PH ndiyo inayoongoza, lakini bado wengi wanaipika kwa mazoea waliyoyapata kwenye chuma cha kaboni. Kila nikifungua barua naona watu wenye bidii, wenye mashine nzuri, wanaopoteza kazi ya wiki nzima kwa sababu ya jambo dogo ambalo hakuna aliyewaeleza.

Shafti za katikati ya kikapu zimegoma

*Shikamoo fundi. Tumekereza shafti za pampu kutoka nondo ya 17-4 PH ya kipenyo cha milimita 50. Tulizichoma nyuzi 1040 za Selsiasi, tukazitoa zipoe zikiwa zimerundikana kwenye kikapu, halafu jioni ile ile tukazirudisha tanurini nyuzi 482 kwa saa moja ili ziive, yaani zigumike, hadi hali ya H900 (nyuzi 900 za Farenhaiti). Mteja anataka ugumu wa Rockwell C 40 au zaidi. Za pembeni ya kikapu zimesoma 42, za katikati 35 na 36. Tanuri limekaguliwa na liko sawa. Shida iko wapi?* (Msimamizi wa tanuri)

Marahaba mwanangu. Kwenye barua yako neno lililonishtua si "tanuri", ni "zimerundikana".

Chuma hiki kikiwa nyuzi 1040 kina umbo la ndani liitwalo ostenaiti. Kinapopoa hakibadiliki mpaka kishuke karibu na nyuzi 132, ndipo matensaiti, umbo lililo gumu zaidi, inapoanza kuzaliwa. Na haizaliwi yote kwa mara moja: inaendelea kuongezeka kadiri joto linavyoshuka, na mabadiliko hayakamiliki mpaka chuma kifike kama nyuzi 32. Ukikirudisha tanurini kikiwa na nyuzi 60 au 70 moyoni, sehemu ya ostenaiti inabaki humo humo. Sehemu hiyo ni laini, na saa moja ya nyuzi 482 haitaigumisha.

Sasa fikiria kikapu kilichojaa. Shafti za nje zinapigwa na hewa, za ndani zinapashana joto zenyewe. Karakana yenye matanuri mara nyingi ina hewa ya nyuzi 35 au zaidi, kwa hiyo hata ukisubiri hadi usiku hutafika 32. Ukigusa kwa mkono utasema kimepoa, lakini mkono wa fundi aliyezoea moto si kipimajoto. Mimi hutaka vipande vipangwe kwa nafasi, vipulizwe feni, na vikishashuka vya kutosha kushikika viingizwe kwenye maji ya baridi mpaka kitovu kifike chini ya nyuzi 32. Maji hayo si ya kugumisha. Ni ya kumalizia safari tu, wala huhitaji kutumbukiza chuma kikiwa chekundu. Kaboni ya chuma hiki haizidi asilimia 0.07, kwa hiyo ugumu wake hautafutwi kwa kukishtua majini.

Hata hivyo, kabla hujairudia kazi yote, kuna mshukiwa wa pili. Saa moja ya H900 huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifike nyuzi 482, si tangu mlango ufungwe wala tangu sindano ya tanuri ifike hapo. Kipimajoto cha tanuri kinapima hewa. Katikati ya kikapu kilichosongamana pengine palifika joto hilo dakika ishirini tu kabla hujazima. Hapo chuma kimeiva nusu.

Namna ya kuwatenganisha washukiwa hawa ni rahisi. Chukua shafti moja iliyosoma 35, irudishe peke yake nyuzi 482, ihesabie saa moja kamili tangu ifike joto, ipoze, pima. Ikipanda juu ya 40, tatizo lilikuwa muda, na nyingine zote unaweza kuziokoa kwa njia hiyo hiyo. Isipopanda, tatizo ni ostenaiti iliyobaki, na njia ya uhakika ni kuanza upya kutoka nyuzi 1040. Ukianza upya utapata gamba jeusi na huenda shafti zikapinda kidogo, kwa hiyo angalia kama umebakiza nyama ya kukereza.

Na siku zote funga themokapo, kipimajoto cha waya, kwenye kipande cha katikati ya shehena, si ukutani. Kwenye kuivisha, uvumilivu unaokubalika kwa kawaida ni nyuzi 8 juu au chini. Kwa H900 usiuchezee. Nguvu ya chini inayotakiwa kwa H900 ni megapaskali 1310, na kwa H925, ambayo huiva nyuzi 496 kwa saa nne, ni 1170. Tofauti ya nyuzi 14 pamoja na saa tatu za ziada imekula megapaskali 140.

Nakuongezea jambo moja ambalo hukuliuliza. Hakikisha nondo ilikuja katika hali gani. Nondo iliyochomwa kwa mmumunyo tu (nyuzi 1040, ikapozwa bila kuivishwa), yaani Hali A, husoma kama 33 hadi 35. Nondo iliyokwisha kuivishwa kiwandani kwa H1150 inaweza kusoma karibu na hapo hapo. Ukipima ugumu peke yake hutazitofautisha. Ninyi mliichoma upya nyuzi 1040, kwa hiyo kwenu hilo limefutika. Lakini anayenunua nondo na kuiivisha moja kwa moja asome cheti cha kiwanda, au akate kipande kidogo, akiivishe nyuzi 482 kwa saa moja na kupima. Kikipanda juu ya 40 ilikuwa Hali A. Kikikaa pale pale, ilikwisha kuivishwa kupita kiasi hicho, na hakuna namna ya kuirudisha H900 bila kupitia nyuzi 1040.

Bolti zimekatika vichwa zikiwa zimetulia

*Fundi, nasimamia matengenezo ya gati. Tulifunga bolti za 17-4 PH hali ya H900 kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwenye jedwali. Baada ya miezi kadhaa vichwa vya baadhi vimeruka vyenyewe, bila kupinda, bila kutu kubwa. Nyingine zimegusana na vyuma vinavyolindwa kwa vipande vya zinki. Muuzaji anasema tulikaza kupita kiasi.* (Mhandisi wa matengenezo)

Ndugu mhandisi, hata kama mlikaza sawasawa kabisa, mimi nisingeiweka H900 mahali hapo. Bolti iliyokazwa kupita kiasi kwa kawaida hurefuka au hukatika palepale mnapoikaza, au muda mfupi baadaye. Inayokaa miezi kisha ikakatika kavu, bila kupinda, inaonyesha dalili za kupasuka kwa msongo na kutu kwa pamoja, au za haidrojeni iliyojipenyeza ndani ya chuma. Mpelekeeni mtaalamu sura ya mvunjiko aitazame kwa hadubini, lakini msisubiri majibu yake ndipo mbadilishe bolti.

Kloridi ya bahari, mvuto wa kudumu kwenye bolti, na chuma kilichogumishwa hadi kileleni: vitatu hivyo vikikutana, ufa huanza mahali padogo, mara nyingi chini ya kichwa au kwenye uzi wa kwanza, ukatembea polepole bila kuonekana. Zinki nayo, inapolinda vyuma vya jirani chini ya maji, inaweza kuzalisha haidrojeni juu ya bolti zenu. Chuma laini kinaivumilia. H900 haiivumilii.

Hili ndilo jambo ninaloliandikia kila mara na nitaendelea kuliandika: jedwali la 17-4 PH halisomwi kutoka juu kwenda chini kama orodha ya washindi. Namba iliyo baada ya H ni joto la kuivishia kwa nyuzi za Farenhaiti, na kila inapopanda unatoa nguvu ili upate ushupavu. H900 inakupa megapaskali 1310 lakini kiwango hakiahidi hata jouli moja ya ushupavu kwenye jaribio la Charpy, lile la kuvunja kipande kwa pigo la nyundo. H1025, yaani nyuzi 552 kwa saa nne, inakupa 1070 na angalau jouli 20. H1150, nyuzi 621 kwa saa nne, inakupa 930 na jouli 41. Na H1150M, ambayo huchomwa kwanza nyuzi 760 kwa saa mbili kisha nyuzi 621 kwa saa nne, inashuka hadi 795 lakini jouli zinafika 75.

Kwa kazi yenu ningeanzia H1150, na kama hesabu ya mzigo inakataa, ningeongeza kipenyo cha bolti kabla ya kuongeza ugumu. Penye hewa ya chumvi tu, bila kuzama na bila zinki, H1025 mara nyingi hutosha. Penye gesi yenye salfidi ya haidrojeni, kama kwenye visima vya mafuta, hilo si suala la kuchagua: kiwango cha NACE MR0175, ambacho pia ni ISO 15156, kinataka chuma hiki kiivishwe mara mbili, kwa H1150M au kwa nyuzi 621 zilizorudiwa, na ugumu usizidi Rockwell C 33.

Je, zile bolti mpya zilizobaki stoo zinaweza kuokolewa? Ndiyo. Kuivisha kunaruhusu kwenda mbele: bolti ya H900 ukiipa nyuzi 621 kwa saa nne inakuwa H1150, na mabadiliko ya vipimo ni madogo mno kuziharibu nyuzi zake za kukazia. Zilizokwisha kufungwa gatini zitupeni. Joto haliungi ufa.

Na kama sehemu hiyo inazama daima kwenye maji ya bahari yaliyotulia, tafuteni chuma kingine kabisa. Kwa kutu ya kawaida 17-4 PH inakaribia stenlesi ya 304, basi, na 304 yenyewe hutobolewa na maji ya bahari yaliyotuama kwenye mianya.

Kwani lazima niivishe?

*Nondo ya Hali A tayari ina ugumu wa 34 na kazi yangu haihitaji zaidi. Naweza kuitumia ilivyo?* (Mwenye karakana ndogo)

Hapana. Hali A ni matensaiti mbichi: ina misongo ndani yake, ushupavu wake hautabiriki, na inapasuka kirahisi penye kloridi. Kama 34 inakutosha, ivishe H1025 au H1075. Utapata namba inayokaribiana na hiyo ndani ya chuma kinachoaminika.

Tundu la bushi limebana

*Nilikereza bushi yenye tundu la milimita 200 nikaipatia kipimo kamili ikiwa Hali A, nikaipeleka H1150. Imerudi tundu limebana, shafti haiingii. Fundi wa tanuri ananilaumu mimi, mimi namlaumu yeye.* (Mkerezaji)

Acheni kulaumiana. Chuma hiki husinyaa kinapoiva, na kusinyaa huko kunajulikana mapema. Kwa H900 kadiria milimita 0.4 hadi 0.6 kwa kila mita moja ya urefu au kipenyo. Kwa H1150 ni kama milimita 1 kwa mita. Tundu lako la 200 limepungua karibu milimita 0.2, na hicho ndicho kilichokuzuia.

Ubora wa 17-4 PH ni kwamba unaweza kuchonga kwanza na kuivisha baadaye kwa joto dogo, bila kupinda kwa kutisha na bila gamba nene. Kwa hiyo ama hesabu kusinyaa huko ndani ya kipimo chako tangu mwanzo, ama bakiza milimita 0.3 hivi ukamalize baada ya tanuri. Mimi napendelea njia ya pili kila inapowezekana, maana kusinyaa hakufanani kabisa kutoka mche mmoja wa chuma hadi mwingine. H1150 na H1025 zote zinakerezeka kwa ncha za kabaidi bila taabu kubwa. H900 pia inakerezeka, ila ncha zitakwisha haraka na mkono wako lazima uwe thabiti, maana ukisitasita chuma kinasuguliwa badala ya kukatwa.

Shaba inafanya nini ndani ya stenlesi?

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Nimesoma kwamba 17-4 PH ina shaba ya asilimia 3 hadi 5. Shaba ni laini. Inawezekanaje ndiyo igumishe chuma?* (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Marahaba. Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na ukilielewa hili hutahitaji kukariri jedwali lolote.

Kwenye nyuzi 1040 shaba yote inamumunyika ndani ya ostenaiti, kila atomu imekaa mahali pake katikati ya atomu za chuma. Ukipoza, ostenaiti inageuka matensaiti haraka kuliko shaba inavyoweza kutoka. Shaba inanaswa ndani ya makazi yasiyoiweza kwa wingi huo, lakini kwenye joto la kawaida haina nguvu ya kutembea. Ukiipandisha nyuzi 482 inapata mwendo mdogo. Atomu zake zinaanza kutafutana na kujikusanya kwenye vifundo vya nanomita chache tu, vingi mno na vilivyokaribiana.

Chuma kinapinda kwa sababu ndani yake kuna kasoro za mstari zinazoteleza kati ya safu za atomu. Vifundo hivi vinazuia huo utelezi. Kwa hiyo usiuulize ugumu wa shaba yenyewe. Uliza vifundo viko vingapi na viko umbali gani kutoka kimoja hadi kingine. Hapo mwanzo vinafuata hata mpangilio wa atomu za chuma zinazovizunguka, na mvutano wa mpakani huzidi kuutatiza utelezi. Ukiongeza joto au muda, vifundo vikubwa vinawameza vidogo, vinabadilika kuwa na mpangilio wa shaba halisi, vinapungua idadi na kuachana mbali. Kasoro zinapata nafasi ya kupita. Nguvu inashuka, ushupavu unapanda, na hiyo ndiyo H1150. Kwenye joto hilo la juu pia ostenaiti kidogo inazaliwa upya, nayo inaongeza ushupavu.

Niobiamu, ambayo ni kati ya asilimia 0.15 na 0.45, kazi yake kubwa ni kuikamata kaboni ili isiinyang'anye kromi. Kromi asilimia 15 hadi 17.5 ndiyo inayozuia kutu, na nikeli asilimia 3 hadi 5 inasaidia ostenaiti ipatikane kwenye joto la juu.

Shaba siyo njia pekee. Katika stenlesi za 17-7 PH na 13-8 Mo alumini huungana na nikeli. Katika stenlesi ya A-286 titani na nikeli hufanya kazi hiyo ndani ya ostenaiti isiyogeuka matensaiti kabisa, ndiyo maana A-286 haivutwi na sumaku na huivishwa kwa joto la juu zaidi, karibu nyuzi 720 kwa saa 16. Wazo lenyewe lilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1940, kwanza kwa chuma chenye titani cha kampuni ya U.S. Steel kilichoitwa Stainless W, kisha kampuni ya Armco wakaleta 17-4 PH.

Ukiwa mhandisi kumbuka pia hili: kuiva hakukomi kwa sababu umezima tanuri. Kipande kinachofanya kazi kwa muda mrefu juu ya nyuzi 300 hivi kinaendelea kubadilika. Kromi na chuma vinatengana taratibu, na baada ya saa maelfu kipande kinakuwa kigumu zaidi na dhaifu kwa kishindo. Usikiweke karibu na mvuke wa moto mkali kwa kuwa tu jedwali la siku ya kwanza linapendeza.

Kipande kilichochapwa kwa leza

*Tumechapa vipande vya 17-4 PH kwa unga na leza, tukavipeleka moja kwa moja nyuzi 482. Ugumu haukupanda.* (Mwendesha mashine)

Weka sumaku. Kama inashika kwa ulegevu, una ostenaiti nyingi. Unga uliotengenezwa kwa kupulizwa naitrojeni unabaki na naitrojeni ndani yake, na naitrojeni huizuia ostenaiti isigeuke. Unga wa agoni kwa kawaida hauna tatizo hilo. Anza na nyuzi 1040, poza kabisa hadi chini ya 32, kisha ndipo uivishe. Na muulize muuzaji unga wake ulipulizwa kwa gesi gani kabla ya kununua mwingine.

Rangi ya kahawia baada ya tanuri

*Vipande vya H900 vimetoka na rangi ya dhahabu iliyokoza, na vingine vina alama za vidole. Vimeharibika?* (Mkaguzi wa ubora)

Havijaharibika kwa nguvu. Hiyo ni ngozi nyembamba ya oksidi, na kwa joto hilo ndivyo inavyoonekana penye hewa. Alama za vidole zinaonyesha kwamba vipande viliingia tanurini bila kuoshwa. Hilo ndilo la kurekebisha, kwa kuwa mafuta ya kukerezea mara nyingi huwa na salfa na klorini ambazo hazifai kuokwa juu ya stenlesi. Osheni kwa dawa ya kuondoa mafuta, suuzeni, kausheni, na mvishike kwa glavu safi.

Kama kipande kinakwenda kwenye unyevu, ngozi hiyo iondolewe. Kwa H900 epukeni kukiloweka kwa muda mrefu kwenye asidi kali, maana haidrojeni inaweza kuingia. Kipigeni msasa laini au kioo kilichosagwa, kisha kisafisheni kwa asidi ya sitriki au ya nitriki inayorudisha utando wa kromi, na mkisuuze mpaka maji yatoke safi.